Swali la 14 na safu tatu tulizozifuta

Ujumbe uliingia jioni, mistari miwili tu. Mwenzetu wa takwimu, wa timu tuliyoshirikiana nayo, aliandika: "Dada, hebu nitazamie swali la 15. Hawa 96 wote ni akina nani?"

Kwenye dodoso letu 96 ni msimbo wa "mwingine, taja". Swali la 14 lilihusu kama mhojiwa ana mtu wa kumwomba msaada akiugua, na la 15 likauliza mtu huyo ni nani kwake: 1 mume au mke, 2 ndugu, 3 jirani, 4 rafiki, 96 mwingine. Kwa kawaida 96 ni kapu la masalia, unategemea kukuta humo watu wachache. Katika faili tuliyowapa, yapo maeneo ambako 96 ilizidi misimbo mingine yote ukiijumlisha. Mwenzetu alikuwa ameshaandika aya kwenye rasimu ya makala, kwamba wakazi wa maeneo hayo hutegemea zaidi watu walio nje ya familia na ujirani. Aya ilikuwa nzuri, ina nadharia yake na kila kitu. Ilikuwa pia uongo mtupu, ingawa hakuna aliyedanganya.

Faili hiyo niliiandaa mimi, kwa hiyo kisa hiki nakisimulia nikiwa upande wa mkosaji.

Lilivyokuwa dodoso

Tulikuwa timu tatu na lugha nne. Dodoso liliandikwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha ya nne ambayo sitaitaja; sababu itaonekana mbele. Wadadisi walijaza kwenye simu, fomu ikiwa imetengenezwa kwa mpangilio wa XLSForm, yaani fomu ya simu inayoandikwa kwanza kama jedwali la Excel. Humo kila swali lina jina moja lisilobadilika, tuseme q14, halafu lebo nyingi, kila lugha na yake. Mdadisi anasoma lebo ya lugha aliyoichagua na jibu linaingia kama namba. Namba haina lugha, na timu zote zinapata safu ileile.

Uzuri huo ndio uliotulaza usingizi. Ukishaona safu imejaa 1 na 2, ni rahisi kusahau kwamba kila 1 ilitoka kwanza kinywani mwa mtu, kwa lugha fulani, akijibu maneno fulani.

Kabla ya kushirikisha faili tulikaa kikao cha faragha ya wahojiwa. Tukafuta safu tatu: lugha ya mahojiano, namba ya mdadisi, na maandishi ya majibu ya wazi. Kila uamuzi ulikuwa na hoja yake, na hata leo sioni aibu nazo. Wasemaji wa lugha ya nne ni wachache katika kata zilizohojiwa, na ukiweka lugha, kata, umri na jinsi kwenye mstari mmoja, jirani anaweza kumtambua jirani yake. Hilo si woga wa bure. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alikadiria kwamba msimbo wa posta, tarehe ya kuzaliwa na jinsi vinatosha kumtofautisha peke yake kila mtu katika asilimia 87 ya Wamarekani. Waliorudia hesabu baadaye walipata asilimia ya chini kuliko hiyo, lakini bado ni sehemu kubwa ya taifa. Kwenye majibu ya wazi watu hutaja vyeo, majina, hata namba za simu. Na namba ya mdadisi? Hiyo tuliifuta kwa kuwa hakuna aliyeona ina kazi gani.

Kwa hiyo mwenzetu alipouliza 96 ni akina nani, faili aliyokuwa nayo isingeweza kumjibu kwa njia yoyote. Tulikuwa tumeondoa vitu vitatu, na ni vilevile vitatu ambavyo vingemwonyesha kosa.

Kurudi kwenye faili ghafi

Bahati yetu ni kwamba nakala ghafi kutoka kwenye seva ilikuwa imefungwa isiandikwe. Nikachuja q15 = 96, nikafungua safu ya maandishi. Haya ndiyo niliyoyakuta, kama yalivyoandikwa:

HANA MTU
hana
amesema hana, fomu imelazimisha
mama
hakuna. swali limegeuka??
hana mtu

Nilikaa na hiyo "swali limegeuka??" kwa muda. Mdadisi mmoja, amesimama uani kwa watu na simu mkononi, alikuwa ameliona tatizo lote na kuliandika mahali pekee ambapo fomu ilimruhusu kuandika. Kisha sisi tukaifuta safu hiyo kwa jina la faragha bila yeyote kuisoma hadi mwisho.

Kwa Kiingereza swali la 14 liliulizwa kwa ukanushi. Ni desturi ya zamani katika kutengeneza vipimo: unachanganya maswali ya kukubali na ya kukanusha ili mhojiwa asiitikie "ndiyo" kila kitu kwa mazoea. Kwa Kiswahili likawa: "Je, huna mtu wa kumwomba msaada ukiugua?" Majibu: 1 Ndiyo, 2 Hapana. Ukijibu 1, fomu inakupeleka swali la 15. Ukijibu 2, inaliruka. Aliyeitengeneza fomu aliwaza kwa Kiingereza, ambako anayeanza na "ndiyo" hapo anamaanisha anaye mtu, na asiye na mtu anaanza na "hapana". Kifaransa nacho kilikwenda vizuri, tena kina neno lake maalumu, *si*, la kupinga swali la kukanusha: aliye na mtu alisema *si*, mdadisi akabonyeza 1.

Mswahili ukimuuliza "huna mtu?", naye kweli hana, atakuitikia: "Ndiyo, sina." Anakubaliana na ulichosema. Aliye naye atakataa: "Hapana, ninaye." Ndivyo tunavyojibu kila siku, hujala, ndiyo sijala, wala hatufikirii. Mdadisi akasikia "ndiyo", akabonyeza 1. Fomu ikamfungulia swali la 15: huyo mtu ni nani? Mtu yupi tena, wakati mama wa watu ameshasema hana! Mdadisi hawezi kusonga bila kujaza kitu, akachagua 96 akaandika HANA. Aliyesema "hapana, ninaye" akapata 2 na kurushwa, mtu wake asiulizwe kabisa.

Waliokosa msaada wakaonekana wana msaada wa ajabu kutoka kwa watu wasiojulikana, na wenye watu wakaonekana wapweke. Aya ya mwenzetu ilijengwa juu ya hapo.

Mtu atauliza kama tafsiri ilihakikiwa. Ilihakikiwa. Tulitumia njia ya kutafsiri na kurudisha, ambayo watafiti wengi wanaifuata tangu makala ya Richard Brislin ya 1970: mtu mmoja anapeleka Kiingereza kwenye Kiswahili, mwingine asiyeona asili anarudisha, unalinganisha. Swali la 14 lilirudi likiwa limenyooka, neno kwa neno. Tafsiri haikuwa na kosa. Tofauti ilikaa katika namna watu wanavyojibu, na jibu halikutafsiriwa na mtu yeyote, maana kila mmoja wetu alijua "ndiyo" ni nini. Njia hii inapima kama maneno yamefika. Kama mazungumzo yatafika, haikuambii. Kwa hilo unahitaji kukaa na watu watano au sita wanaozungumza lugha hiyo na kuliuliza swali kweli. Jaribio letu la awali tulilifanya kwa Kiingereza, ofisini, tukihojiana wenyewe kwa wenyewe.

Cha kuchekesha ni kwamba saa tulizikamata mapema. Palikuwa na swali la muda wa kuamka, na kila mmoja alijua kwamba saa kumi na moja ya Kiswahili si 11 ya saa ya simu. Tuliweka onyo kwenye fomu, tukafundisha, tukakagua. Mtego unaojulikana na wote haumnasi mtu.

Kwa nini hatukugeuza tu

Wazo la kwanza la kila aliyesikia habari hii lilikuwa: basi geuza, kwenye mahojiano ya Kiswahili 1 iwe 2 na 2 iwe 1. Hata mimi nilishaandika mstari huo wa programu kabla sijajizuia.

Tatizo ni kwamba Waswahili hatujibu hivyo wakati wote. Wako watakaosema "Hapana, sina", hasa anayesisitiza, au aliyezoea fomu za ofisini. Na wako wadadisi waliosikia jibu kamili wakabonyeza kwa maana yake, si kwa neno la kwanza. Ndani ya safu ileile, lugha ileile, 2 inaweza kuwa mtu mwenye msaada au mtu asiye nao. Kwa 1 tunao ushahidi, kwa sababu swali la 15 lilifunguka: aliyetaja mume au jirani anaye mtu, aliyeandikiwa HANA hana. Kwa 2 fomu iliruka, na hatuna la kushika.

Namba ya mdadisi ingesaidia kiasi, kwa kuwa mdadisi mmoja huwa na mtindo mmoja. Tulipowauliza, mmoja alisema: "Mimi nilikuwa namrudia, unaye au huna, ndipo najaza." Namwamini. Lakini ilikuwa imepita miezi, na kumbukumbu ya mtu anayeulizwa kama alifanya kazi yake vizuri ni ushahidi dhaifu. Nilikataa kuutumia kubadilisha data. Mwenzetu wa takwimu aliona nimekuwa mgumu kupita kiasi, na pengine ana haki. Sampuli yake ilipungua sana.

Tulichofanya ni hiki. q14 ya asili ikabaki kama ilivyo, haikuguswa. Tukaongeza safu mpya, q14_maana: 1 anaye mtu, 0 hana, na msimbo wa pengo kwa wale ambao haiwezekani kujua. Stata, programu ya takwimu, ina aina 27 za pengo, nukta tupu na .a mpaka .z, kwa hiyo kwenye faili ya Stata tuliweka .a ili isichanganyike na waliokataa kujibu. Kwenye CSV, faili ya maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa mikato, hakuna kitu kama hicho, tukaweka -7 na kuieleza. Mahojiano yote ya Kiswahili yenye 2 yameingia kwenye pengo hilo.

Ndugu, parent, na herufi zilizokufa

Nikiwa humo humo kwenye 96, nikakuta la pili. Msimbo wa 2 kwa Kiingereza ulihusu jamaa yeyote wa ukoo. Kiswahili tukaweka "ndugu", Kifaransa *parent*. Sasa *parent* ya Kifaransa ni jamaa, na pia ni mzazi. Wadadisi wengine walipotajiwa kaka waliona hafai kwenye *parent*, wakaenda 96 na kuandika *frère*. Kwa upande wetu, ndugu ni neno pana kweli, lakini mama yako humwiti ndugu yako; ndiyo maana "mama" alijitokeza kwenye ile orodha. Matokeo yake 96 ya Kifaransa ilijaa ndugu wa damu, 96 ya Kiswahili ikajaa watu wasiokuwepo pamoja na akina mama, na zote mbili zilikuwa kwenye safu moja kwa jina moja. Ukiondoa safu ya lugha, hakuna takwimu ya dunia hii itakayozitenganisha.

Kuyasoma maandishi hayo pia kulikuwa na kazi yake. Nakala zilizokuwa zimezunguka kati ya timu zilionyesha "frÃ¨re". Hilo linatibika: mtu alifungua CSV ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, kwa kubofya mara mbili, Excel ikaisoma kama Windows-1252, mfumo wa zamani wenye herufi chache, baiti mbili za è zikaonekana kama herufi mbili. Unarudisha kwa mstari mmoja wa programu. Baya zaidi lilipata lugha ya nne, ambayo ina herufi zenye nukta chini na alama za toni juu. Huko kuna aliyeingiza faili vizuri, akaziona herufi zote salama, kisha akahifadhi kama CSV ya kawaida, siyo ile iliyoandikwa UTF-8 kwenye orodha. Kila herufi isiyokuwemo kwenye jedwali la Windows-1252 ikawa alama ya kuuliza. "?" hairudi kuwa herufi. Kwa hiyo aliyefungua vibaya alituachia kitu cha kutengeneza, na aliyefungua vizuri akakimaliza. UTF-8 ipo tangu 1992, na bado haya tunayafanya kila wiki.

Tuliokolewa tena na nakala ghafi. Hata humo neno moja lilionekana mara mbili kwenye hesabu ya marudio, kwa sababu simu moja iliandika herufi na alama yake kama kitu kimoja na nyingine ikaziandika kama vitu viwili vilivyopandana. Kwa jicho ni kitu kilekile, kwa kompyuta ni maneno mawili. Tukayaweka yote kwenye umbo la NFC, linalounganisha herufi na alama yake kuwa kitu kimoja inapowezekana, kabla ya kuhesabu.

Safu ya lugha irudi, lakini vipi?

Hapa ndipo ubishi ulikuwa mkali kuliko yote, na nadhani ndipo penye somo la kazi yenyewe ya kushirikisha data. Bila lugha ya mahojiano, q14 na q15 hazisomeki. Ikiwepo lugha pamoja na kata, wasemaji wa lugha ya nne wanajulikana. Mtu akapendekeza tuiite "nyingine". Lakini kama "nyingine" ina lugha moja tu ndani yake, umebadilisha kibandiko, siri imebaki wazi vilevile. Ndiyo sababu siitaji hapa.

Mwenzetu wa takwimu alitaka ramani: kata ibaki, lugha ifichwe. Nikamwambia ramani ya swali ambalo hujui liliulizwaje ni picha tu. Akanijibu kwamba bila mahali hakuna makala. Tulizungushana hivyo kwenye simu mpaka yeye mwenyewe akapendekeza faili mbili. Ya wazi ina lugha, na mahali pake ni mkoa tu, si kata. Ya pili ina kata na lugha pamoja, ila inatolewa kwa makubaliano yaliyosainiwa, kwa mtu anayejulikana na kazi inayojulikana. Hatukuvumbua chochote. Tafiti za DHS, za idadi ya watu na afya katika nchi nyingi, zilizoanza 1984, zimekuwa zikisogeza mahali pa kila kundi la kaya kwenye ramani kabla ya kutoa data, hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini (makundi machache ya vijijini hadi 10), na data za mahali zimekuwa zikiombewa ruhusa ya pekee. Namba ya mdadisi ilirudi kwenye faili zote mbili, ikiwa imebadilishwa kuwa namba ya kubahatisha. Maandishi ya wazi hayakurudi kwenye faili ya wazi. Tuliyasoma yote, tukayapa misimbo, na misimbo ndiyo iliyoingia.

Tulipoirudisha safu ya lugha tuligundua haikuwa safu moja. Timu moja iliandika "sw", nyingine "Kiswahili", ya tatu "SWAHILI" yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Tukaziweka zote kwenye misimbo ya ISO 639-3, orodha ya kimataifa inayoipa kila lugha herufi tatu. Hapo nako ukawepo uamuzi: swa ni Kiswahili kwa ujumla wake, ndani yake kuna swh na swc, na swc ni Kiswahili cha Kongo. Aliyeandika "sw" hakuwa anasema ni kipi, kwa hiyo tukaweka swa na kuacha hapo. Kisha tukagundua kwamba baadhi ya wadadisi walisoma fomu ya Kifaransa huku wakizungumza lugha ya nne, wakitafsiri papo hapo. Lugha ya fomu ni jambo moja, lugha ya mazungumzo ni jingine. Fomu yetu iliuliza ya pili tu. Ya kwanza haikurekodiwa popote, na kwa mzunguko huo imepotea.

Jambo la mwisho tulilobadilisha lilikuwa rahisi hata linatia hasira. Awali tuliweka pamoja na data dodoso la Kiingereza pekee, tukiona hayo mengine ni tafsiri tu. Sasa yapo manne, kila swali na maneno yake halisi. Utafiti wa Kijamii wa Ulaya, unaofanyika tangu 2002 na kutafsiriwa kwa kila lugha ambayo ni ya kwanza kwa asilimia 5 au zaidi ya wakazi wa nchi, huweka hadharani madodoso ya lugha zote. Kama mwenzetu angekuwa na dodoso la Kiswahili mbele yake, angeisoma ile "huna" na kuligundua kosa kabla ya chai ya saa nne, maana naye ni Mswahili.

Ile aya aliifuta. Toleo la pili la data limetoka, na kwenye daftari la misimbo q14 ina maelezo marefu kuliko swali lolote. Kwa mzunguko unaofuata swali la Kiswahili ni hili: "Ukiugua, yuko mtu unayeweza kumwomba msaada?" Majibu yake ni "Yuko" na "Hayuko". Ndiyo na hapana hazimo. Kifaransa nacho kimefuata mkondo huo, na pale pa *parent* tumeandika kaka, dada, mama, baba, mmoja mmoja. Lugha ya nne bado iko kwa mtafsiri. Amerudisha karatasi na swali moja kwa kalamu nyekundu pembeni: je, huyo mtu ni lazima awe hai? Kwa lugha yake, anasema, wasiopo nao huombwa.